Mshipa, Ateri na Vena
Katika mwambao wa Mtwara, asemaye "nina mshipa" huenda akamaanisha ngiri au busha. Neno hilo hilo hutajwa pia kwa neva, yaani mshipa wa fahamu. Kwa hiyo twawasihi wafasiri watenge maana: ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha, na kapilari, zilizo nyembamba kuliko unywele, huziunganisha.

Ukuta wa ateri una matabaka matatu. Mafuta yakijikusanya katika tabaka la ndani, ateri hukakamaa na njia yake hupungua. Utando wa mafuta hayo ukipasuka, damu huganda na kuiziba njia. Moyo au ubongo hukosa oksijeni. Kijitabu cha afya kikisema tu "mshipa umeziba", mgonjwa wa moyo aweza kudhani haambiwi yeye. Tuandike: ateri imeziba.