Idadi ya Stoo Isiandikwe kwa Mkono

Duka la vifaa vya ujenzi likiuza saruji kwa mkopo, mauzo hayo hayo huandikwa mara tatu: kwenye daftari la mauzo, la mali na la madeni. Hapo ndipo hesabu huharibika, kwa sababu muuzaji aliyezungukwa na wateja ataandika kwenye daftari moja, mawili atayakumbuka jioni au asiyakumbuke kabisa. Kwa hiyo faida ya Excel, au ya LibreOffice Calc inayopatikana bure, si kasi ya kujumlisha, maana hata kikokotoo cha mkononi kinajumlisha. Faida ni kwamba kurasa zikiunganishwa, jambo huandikwa mara moja tu, na kila ukurasa unaolihitaji hulichukua hapo.

Faili moja lenye kurasa nne linatosha: Bidhaa, Manunuzi, Mauzo na Ankara. Kila bidhaa ipewe namba yake, kwani kwa kompyuta “misumari inchi 4” na “msumari inchi nne” ni vitu viwili tofauti. Idadi iliyobaki haiandikwi na mtu. Fomula ya SUMIF hujumlisha yote yaliyoingia kwa namba hiyo, kisha hutoa yote yaliyouzwa: mifuko 200 imeingia, 147 imetoka, seli inaonyesha 53. Kwenye ankara nako, muuzaji huandika namba ya bidhaa na idadi, na VLOOKUP humletea jina na bei.

Lakini bei ina mtego ambao wengi hawauoni mapema. Ukurasa wa Mauzo ukisoma bei moja kwa moja kutoka Bidhaa, siku saruji itakapopanda kutoka shilingi 16,000 hadi 17,500, mauzo yote ya nyuma yatapanda nayo, na mteja aliyekopa kwa bei ya zamani ataonekana anadaiwa zaidi. Bei ya siku ya mauzo ni lazima inakiliwe kama namba tupu, bila fomula. Kinachobadilika kiunganishwe, kilichokwisha kutokea kibaki kama kilivyotokea.

Wapo wanaosema majedwali haya hayaaminiki, na wana ushahidi. Mwaka 2020 nchini Uingereza, wagonjwa 15,841 wa Uviko waliachwa nje ya takwimu kwa sababu faili la Excel la mfumo wa zamani haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Hoja hiyo ni nzito, ila inahusu taifa zima. Duka la mtaani halifiki huko upesi. Hatari yake ya kila siku ni kidole kinachofuta fomula bila mwenyewe kujua, na dawa yake ni kufunga seli za fomula na kuweka nakala ya faili nje ya kompyuta hiyo. Tena, ankara ya Excel haichukui nafasi ya risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti inayotakiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Wengine husema mali itaibwa tu, jedwali liwepo lisiwepo. Ni kweli, jedwali halilindi mlango. Lakini mwisho wa mwezi mwenye duka akiingia stoo na kukuta mifuko 49, wakati jedwali linasema 53, anajua ni bidhaa gani imepungua, kwa kiasi gani, na ndani ya mwezi upi. Bila jedwali angehesabu 49 hiyo hiyo na asione kasoro yoyote.