Sirosisi ya Ini: Si Ugonjwa wa Walevi Peke Yao

Mwezi wa Julai una siku mbili zinazotuhusu. Tarehe 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, nasi huiadhimisha kwa mashairi, ngonjera na hotuba. Tarehe 28 ni Siku ya Homa ya Ini Duniani, na hiyo hutupita kimya kimya. Katika makala haya tunakusudia kuizungumzia hiyo ya pili.

Tuna sababu ya kufanya hivyo. Miaka michache iliyopita mwalimu mwenzetu mmoja alianza kudhoofika. Macho yakawa ya manjano, miguu ikavimba, tumbo likajaa maji. Hakuwa mnywaji wa pombe hata siku za arusi. Hata hivyo, minong'ono ilianza: "Kumbe alikuwa anakunywa kwa siri!" Maneno hayo yalimkata maini, akaona haya kwenda kupima. Alipokwenda hatimaye, alikutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B ambavyo alikuwa amekaa navyo kwa miaka mingi. Wengi wetu tuliujua ukweli huo siku ya mazishi. Ndiyo maana tunaandika.

Sirosisi ni nini?

Ini hukaa upande wa kulia chini ya mbavu, na kwa mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu. Husafisha damu itokayo matumboni, hutengeneza nyongo, huweka akiba ya sukari na hutoa protini zinazosaidia damu kuganda. Likijeruhiwa kidogo hujiponya lenyewe. Lakini likijeruhiwa mwaka baada ya mwaka, mahali pa nyama nzuri huota makovu. Makovu yakienea, ini huwa gumu lenye vinundu, na damu hupita ndani yake kwa shida. Hali hiyo ndiyo sirosisi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1819 na daktari Mfaransa René Laennec, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya rangi ya manjano iliyokolea, kwa kuwa ndiyo rangi aliyoiona kwenye maini ya namna hiyo.

Chanzo chake

Pombe ni chanzo kimojawapo, tena kikubwa. Awe mtu anakunywa waragi, bia au pombe ya ndizi, ini hushughulika na kileo kilekile. Lakini viko vyanzo vingine.

Cha kwanza ni virusi vya homa ya ini aina ya B na C. Aina ya B huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakiwa wachanga, takriban 9 hubaki na virusi hivyo daima. Watu wazima wengi hupona wenyewe. Hapa Uganda chanjo hii iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2002. Kwa hiyo wengi wa wanafunzi wetu walichanjwa utotoni, lakini sisi walimu wao tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuchanjwa.

Cha pili ni mafuta kujazana ndani ya ini, jambo linalowapata hasa wenye unene uliozidi na wenye kisukari. Vipo pia vyanzo vya nadra, kama vile chuma kurundikana mwilini na kuziba kwa njia za nyongo. Kwa wakazi wa kando ya ziwa Albert na ziwa Victoria tuongeze kichocho cha tumbo. Hicho huleta makovu ya aina nyingine, lakini nacho huweza kumfanya mgonjwa avimbe tumbo na kutapika damu.

Maneno yanayotupotosha

Hapa walimu wa lugha tuna kazi. Wengi wetu tukimwona mtu mwenye macho ya manjano tunasema ana "homa ya manjano". Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine, unaoenezwa na mbu. Umanjano wa macho ni dalili tu, nayo huweza kuwa ya ini. Vilevile "homa ya ini" mara nyingi haina homa yoyote, na mgonjwa huishi nayo miaka mingi akijiona mzima. Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa ini, mawingu huonekana mvua ikiwa imeshaanza. Kwa hiyo anayesubiri homa ndipo apime huchelewa.

Tusiseme pia kwamba homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa kula sahani moja, kusalimiana kwa mikono au kukaa darasa moja. Si kweli, na maneno hayo huwatenga wagonjwa bure.

Kulilinda ini lililokwisha kuharibika

Makovu yaliyokomaa ni vigumu kuyaondoa yote, lakini kuenea kwake huweza kuzuiwa. Mgonjwa azingatie yafuatayo:

1. Aache pombe kabisa, hata kama si pombe iliyomletea ugonjwa.
2. Atibiwe chanzo. Aina ya C huponywa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12 kwa wagonjwa walio wengi. Aina ya B hutulizwa kwa dawa ambazo hazipaswi kuachwa bila idhini ya daktari.
3. Asinunue ovyo dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Hata parasetamoli aulize kiasi chake. Dawa za mitishamba zisizojulikana aziepuke.
4. Apunguze chumvi, lakini asiache maharage, samaki na mayai, kwani misuli yake huisha upesi. Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe, kwa sababu sumu yake huchangia saratani ya ini.
5. Apimwe kwa ultrasaundi kila miezi 6 ili saratani ikitokea ionekane mapema.
6. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami au akianza kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali saa ileile.

Watu wa nyumbani mwake nao wapimwe, na wasio na virusi vya aina ya B wachanjwe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunawaomba walimu wenzetu na wanafunzi wetu wapime Julai hii. Na tukimwona mwenzetu macho yamegeuka manjano, tusimwulize anakunywa nini. Tumsindikize kwenda kupima.