Kulea vifaranga vya enjeli Nairobi: jua kwanza maji yako yatoka wapi

Sisi wa Pwani tukisikia samaki wa mapambo, akili huenda kwa kitatange wa miambani. Enjeli anayeuzwa katika maduka ya Nairobi si huyo. Huyu ni samaki wa maji matamu, asili yake mto Amazon, Amerika Kusini. Ni bapa kama sahani, na mapezi yake marefu yamechongoka juu na chini. Nimemfuga huku Kangemi kwa miaka kadhaa, na kila nikiteremka Mombasa naulizwa swali lile lile: mbona wanataga vizuri lakini vifaranga hawafiki mwezi?

Kutaga ni jambo jepesi. Vifaranga hufa kwa sababu ya maji, baridi, au chakula kilichochelewa siku moja.

Kupata mume na mke

Kwa macho tu, dume na jike ni vigumu kuwatofautisha. Kwa hivyo usinunue wawili ukitumaini bahati. Nunua wadogo sita, uwaache wakue pamoja. Wakifika miezi minane hadi mwaka, wawili watajitenga na kuanza kuwafukuza wenzao. Hao wahamishe kwenye tangi lao la lita 80 hivi, uwawekee chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, na kipande cha bomba la plastiki au kigae kilichosimamishwa wima. Watakisafisha kwa midomo, kisha jike atapandisha mayai kwa mistari huku dume akimfuata nyuma. Mayai 200 hadi 400 kwa mara moja ni kawaida. Yakigeuka meupe yote, kila mara, shuku kwamba una majike wawili, maana hao nao hutaga pamoja.

Wazazi wengi, hasa wanaotaga mara ya kwanza, huyala mayai yao. Anayetaka vifaranga vingi hukitoa kigae chenye mayai na kukiweka kwenye tangi dogo lenye maji yale yale ya wazazi, hewa ikipita karibu, na matone machache ya dawa ya buluu ya methilini kuzuia ukungu.

Maji ya bwawa na maji ya kisima

Hapa ndipo Nairobi inapompa mfugaji neema na mtego kwa pamoja. Maji mengi ya mfereji ya jiji hili hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, yakishuka kutoka milima ya Aberdare. Ni maji mepesi, hayana chokaa nyingi, na mayai ya enjeli huyapenda. Ndugu zetu wa Mombasa wanaotumia visima hawana bahati hiyo, kwani maji yao yamepita kwenye mawe ya matumbawe na kubeba chokaa.

Lakini mgao wa maji upo. Kilimani, Kileleshwa na Lavington, majumba mengi ya ghorofa yana visima virefu vyao. Maji ya visima hivyo yamekaa ndani ya mawe ya volkano, yana magadi na floridi nyingi. Mfereji ukikauka, bawabu hufungulia ya kisima, na bomba la jikoni ni lile lile. Jirani mmoja wa Kileleshwa alipoteza vifaranga wote kwa njia hiyo: Jumatatu aliwabadilishia maji ya bwawa, Alhamisi ya kisima, wala hakuna aliyemwambia. Samaki mkubwa angeweza kuvumilia. Kifaranga cha siku kumi hawezi kuhimili mabadiliko ya ghafla namna hiyo.

Dawa yake ni mbili. Muulize bawabu kila mara, na upime kwa vile vikaratasi vya kupima asidi na magadi kabla ya kumimina. Pili, weka akiba: pipa la lita 100 la maji ya mfereji, yakae siku nzima na hewa ikipita ili klorini iondoke. Hilo pipa ndilo bima yako wakati wa mgao.

Joto

Mombasa hita inaweza kukaa kabatini karibu mwaka mzima. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na usiku wa Julai joto hushuka karibu nyuzi 12. Mayai yanataka nyuzi 27 au 28. Kwa joto hilo huanguliwa baada ya siku mbili hadi tatu, kisha viluwiluwi hukaa siku nne au tano wakitikisika papo hapo, wakila kiini walichotoka nacho. Stima ikikatika, lifunike tangi kwa blanketi na uwashe pampu ndogo ya betri. Luthuli Avenue hutakosa ya kununua.

Siku wanapoogelea

Kama siku ya saba tangu kutagwa, wanaanza kuogelea. Siku hiyo lazima wale, na wanataka kinachotembea. Chakula bora ni artemia, kijidudu cha maji ya chumvi ambacho mayai yake huuzwa makavu. Anza kuyaangua siku moja kabla: chupa ya soda, lita moja ya maji, gramu 25 hivi za chumvi, hewa na mwanga. Baada ya saa 24 hadi 36, zima hewa. Maganda yataelea, wadudu watakusanyika chini. Wavute kwa mrija, wasuuze, uwape vifaranga mara tatu au nne kwa siku. Tumbo likiwa la rangi ya chungwa, ameshiba. Kila siku fyonza uchafu wa chini na ubadilishe sehemu ndogo ya maji kutoka pipa lako. Baada ya wiki sita hadi nane utakuwa na samaki wa ukubwa wa sarafu, tayari kwa duka.

Jambo moja linaniuma. Mayai ya artemia ninayonunua mjini huja kwa mkebe kutoka ng'ambo, bei yake ikifuata dola. Ilhali artemia walipandikizwa katika mabwawa ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi tangu miaka ya 1980, na taasisi yetu ya utafiti wa bahari, KMFRI, imewachunguza kwa muda mrefu. Vijana wa Gongoni na Marereni wangewezeshwa kuvuna, kukausha na kupakia, wafugaji wa Nairobi tungekuwa wateja wao wa kwanza. Magarini isiishie kuuza chumvi peke yake.