Wazazi wasiooana: Nafuu ya ushuru iko wapi?

Juni 30 ndiyo siku ya mwisho kila mwaka ya kuwasilisha ritani za ushuru wa mapato. Kwa mama anayelea mtoto Nkubu huku baba akifanya kazi mjini Embu, bila wawili hao kuwa wameoana, kuna swali linalohitaji jibu kabla ya siku hiyo: je, kuna mmoja wao anayepunguziwa ushuru kwa sababu ya mtoto?

Jibu fupi ni hapana. Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, haitoi nafuu kwa sababu tu mtu ana mtoto, awe ameoa, ameolewa au anaishi peke yake. Hata hivyo, ipo nafuu nyingine ambayo wazazi wanaweza kuipata au kuipoteza, kulingana na jinsi wanavyogawana malipo ya mtoto.

Kila mzazi na nafuu yake

Kila mkazi wa Kenya anayelipa ushuru wa mapato hupata nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400 kwa mwezi, yaani Sh28,800 kwa mwaka. Kiasi hicho hakiongezeki kwa idadi ya watoto wala hakipungui kwa kutokuwa na mume au mke.

Kwa kuwa Sh24,000 za kwanza za mapato ya mwezi hutozwa asilimia 10, ambayo ni Sh2,400, nafuu hiyo hufuta ushuru wote wa mtu ambaye mapato yake yanayotozwa ushuru hayazidi Sh24,000. Sh8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, na kinachozidi hapo huanza kutozwa asilimia 30.

Wazazi wasiooana huwasilisha ritani mbili tofauti, kila mmoja kwa PIN yake. Mmoja hawezi kumhamishia mwenzake sehemu ya nafuu ambayo hakuitumia.

Wakazi walio na jamaa ng'ambo huenda wamesikia mambo tofauti. Ujerumani, kwa mfano, wazazi wanaoishi mbalimbali hugawana nafuu ya mtoto nusu kwa nusu. Marekani, kwa kawaida mzazi anayeishi na mtoto ndiye huidai, ila anaweza kutia saini fomu ya kumwachia mwenzake. Taratibu hizo hazipo katika sheria ya Kenya.

Fedha za matunzo

Baba anayetuma fedha za matunzo kwa M-Pesa kila mwezi, iwe ni kwa makubaliano au kwa agizo la mahakama, hawezi kuziondoa katika mapato yake wakati wa kukokotoa ushuru. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo kinakataza kutoa gharama za kujikimu, za familia na za nyumbani. Karo, chakula, kodi ya nyumba na nguo za mtoto zote zimo katika kundi hilo.

Mtu anayeahidi kukuwekea "punguzo la watoto" kwenye mfumo wa iTax kwa malipo anakuingiza hasarani. Ikibainika kwamba ulidai usichostahili, utalipa ushuru uliopungua, pamoja na adhabu na riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

Bima: jina ni la nani?

Hapa ndipo wazazi wengi wanaweza kuokoa fedha. Anayelipia bima ya maisha, ya afya au ya elimu, kwa ajili yake mwenyewe, mwenzi wake wa ndoa au mtoto wake, hupata nafuu ya asilimia 15 ya kiasi anacholipa. Nafuu hiyo haizidi Sh5,000 kwa mwezi, au Sh60,000 kwa mwaka. Bima ya elimu ni lazima iwe ya angalau miaka 10.

Nafuu humwendea aliyechukua bima na kuilipia. Mzazi anayemtumia mwenzake fedha ili akalipe bima hiyo hapati chochote.

Tuchukue mfano. Mapato ya baba yanayotozwa ushuru ni Sh40,000 kwa mwezi, na ya mama ni Sh20,000. Wamekubaliana kumwekea mtoto bima ya elimu ya Sh4,000 kwa mwezi, na baba ndiye anayetoa fedha hizo.

Bima ikiwa kwa jina la mama, hakuna nafuu itakayopatikana, kwa sababu nafuu ya kibinafsi tayari imefuta ushuru wake wote. Ikiwa kwa jina la baba, ushuru wake wa Sh4,383 kwa mwezi utapungua kwa Sh600. Kwa mwaka mzima hizo ni Sh7,200. Mtoto ni yule yule na bima ni ile ile, lakini jina lililo kwenye mkataba ndilo linaloamua kama fedha hizo zitabaki kwa wazazi au zitalipwa kama ushuru.

Kuna jambo la kuzingatia kabla ya kuamua. Mwenye bima ndiye mwenye uwezo wa kuibadilisha au kuisitisha. Ni vyema mtoto atajwe kwenye mkataba kuwa ndiye mfaidi, na mzazi wa pili awe na nakala.

Mfanyabiashara anayelipa ushuru wa mauzo wa asilimia 3 hawezi kutumia nafuu hii dhidi ya ushuru huo, kwani hutozwa mauzo yote bila makato. Ushuru huo huwahusu wenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka.

Bima ya Afya ya Jamii

Mwajiriwa huchangia Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii (SHIF) asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, bila kujali idadi ya watoto. Kwa hivyo, kumsajili mtoto kama mtegemezi hakuongezi makato. Tangu Desemba 27, 2024, mchango huo pamoja na ule wa nyumba za bei nafuu huondolewa kwenye mapato kabla ya ushuru kukokotolewa. Usajili hufanywa kwa kubonyeza *147#.

Wajibu ni wa wote wawili

Kukosekana kwa nafuu ya mtoto hakumpunguzii mzazi yeyote wajibu. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilibatilisha vipengee vya sheria ya zamani ya watoto vilivyombagua baba asiyeoa katika wajibu huo, na Sheria ya Watoto ya 2022 inafuata msimamo huo wa Katiba.

Mwaka 2016, Mahakama Kuu pia ilibatilisha kifungu kilichozuia jina la baba asiyeoa kuandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa bila ombi la pamoja la wazazi au ushahidi wa ndoa. Cheti hicho ni muhimu unapomsajili mtoto kwa bima.

Serikali ya kaunti, iwe ya Meru au ya Embu, haina mamlaka ya kupunguza ushuru wa mapato. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaukabidhi ushuru huo kwa Serikali ya Kitaifa.

Cha kufanya

• Andikeni makubaliano ya matunzo mkitumia mshahara unaobaki baada ya makato, wala si mshahara wote.

• Kabla ya kuchukua bima, linganisheni ni nani kati yenu anayelipa ushuru.

• Mpe mwajiri cheti cha malipo kutoka kampuni ya bima. Tangu Julai 1, 2025, mwajiri anatakiwa kuzingatia nafuu zote unazostahili anapokata ushuru wa mshahara. Ikiwa hakufanya hivyo, idai kwenye ritani yako.

• Wasilisha ritani kwa wakati. Mtu binafsi anayechelewa hutozwa Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kiasi kilicho kikubwa.

• Mkishindwa kuelewana kuhusu matunzo, mwone afisa wa watoto katika kaunti ndogo yako au upige simu ya bure ya watoto, 116. Kwa masuala ya ushuru, tembelea ofisi za Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) au Huduma Centre mjini Meru au Embu.