Kuhesabu karata za blackjack: mbinu tatu, na sababu hazisaidii kwenye telefone

Huko Mulungwishi, kwenye barabara ya Likasi kuelekea Kolwezi, mwanafunzi anayetaka kucheza blackjack hahitaji kasino. Telefone yenye intaneti inatosha. Na kwenye telefone hiyohiyo anaweza kukutana na wenye kuahidi kwamba akijua kuhesabu karata, makuta yataingia. Kabla ya kugusa makuta ya minerval, ni vizuri ajue hesabu hiyo inakwama wapi.

Hesabu yenyewe si uongo. Katika blackjack, mwenye kukaribia 21 bila kupita ndiye anashinda. Mwaka 1962, Edward Thorp, mwalimu wa hesabu huko Marekani, alitoa kitabu « Beat the Dealer » na kuonyesha kwamba karata zilizokwisha kutoka zinabadilisha nafasi ya mchezaji. Zikibaki nyingi za kumi, za picha na As, mchezaji ananufaika. Zikibaki ndogondogo, kasino inanufaika.

Mbinu tatu

Hi-Lo, iliyotolewa na Harvey Dubner mwaka 1963, ndiyo inajulikana zaidi. Karata ya 2 mpaka 6, ongeza 1. Ya 7 mpaka 9, acha. Ya kumi, picha ao As, punguza 1. Kiisha jumla inagawanywa kwa paketi zilizobaki: +6 kukiwa na paketi 3 ni +2.

KO inaongeza 1 hata kwa karata ya 7, na haina kugawanya. Kwa paketi 6, mchezaji anaanzia −20. Ni nyepesi kwa anayeanza.

Omega II ni nzito. Karata za 4, 5 na 6 ni +2. Za 2, 3 na 7 ni +1. Ya 9 ni −1. Ya kumi na picha ni −2. Ya 8 na As ni sifuri. Inasaidia zaidi kuamua kama mtu aongeze karata ao asimame. Lakini kwa kuamua kiasi cha dau, Hi-Lo na KO zinaipita, isipokuwa mchezaji ahesabu As pembeni. Kwa kichwa kinachochoka, kosa moja linafuta faida yote hiyo.

Kwenye telefone

Mbinu zote tatu zinadai jambo moja: karata iliyotoka isirudi haraka. Lakini michezo mingi ya blackjack inayoendeshwa na programu huchanganya karata zote upya kila mara. Hesabu inarudi sifuri, na hakuna mbinu iliyo bora kuliko nyingine.

Hata kwenye meza ya kweli, mwenye kuhesabu vizuri anapata faida ya karibu asilimia 1 tu ya makuta anayoweka, na anaweza kupoteza siku nyingi mfululizo. Huko Las Vegas, kasino zinaweza kumfukuza, hata kama kuhesabu kwa kichwa si kosa mbele ya sheria.

Mwenye kupenda hesabu anaweza kujaribu nyumbani, bila dau. Achukue paketi moja ya karata 52, azifunue moja moja. Akimaliza, Hi-Lo lazima itoe 0, na KO, akianzia 0, itoe +4. Zoezi hilo linaomba paketi moja ya karata tu, na minerval inabaki salama.