Kiambere na thamani ya maoni huru

BWAWA la Kiambere, lililoko kwenye Mto Tana katika eneo la Mbeere, lilianza kuzalisha umeme mwaka 1988. Kwa taifa, hiyo ilikuwa hatua ya maendeleo. Kwa maelfu ya wakazi waliohamishwa ili kuyapisha maji, mambo yalikuwa mengine kabisa.

Utafiti wa mtaalamu wa elimu-jamii, Edward Mburugu, uliotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulionyesha kwamba wastani wa ardhi ya wakulima waliohamishwa ulishuka kutoka hekta 13 hadi sita. Mifugo ilipungua kwa zaidi ya thuluthi moja. Mavuno ya mahindi kwa kila hekta yalipungua kwa asilimia 68, na ya maharagwe kwa asilimia 75. Mapato ya familia yaliporomoka kutoka Sh10,968 hadi Sh1,976.

Takwimu hizo zimenukuliwa na wasomi wa nchi nyingi wanaochunguza uhamishaji wa watu. Lakini msomi huandika baada ya madhara kutokea. Anayeweza kuuliza maswali mapema, maji yakiwa bado hayajafika mlangoni, ni mwandishi wa maoni asiyemwogopa mtu.

Mwaka 1988 waandishi wa aina hiyo walikuwa taabani. Kenya ilikuwa chini ya chama kimoja. Jarida la Beyond, lililochapishwa na Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilipigwa marufuku mwaka huo huo baada ya kufichua hila katika uchaguzi wa mlolongo. Nairobi Law Monthly, la wakili Gitobu Imanyara kutoka Meru, lilipigwa marufuku mwaka 1990, na mwenyewe akazuiliwa.

Leo milango ni mingi. Tangu katikati ya miaka ya 2000, intaneti imewawezesha Wakenya kuchapisha maoni bila mtambo wala leseni ya gazeti. Mradi wa Mzalendo, ulioanzishwa mwaka 2006 na Ory Okolloh na Conrad Akunga, ulianza kufuatilia kazi za wabunge. Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 33, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilichotumiwa kuwashtaki walioandika mitandaoni.

Tatizo sasa limegeuka. Zamani msomaji alikosa sauti huru. Siku hizi zimemzidi, na nyingine zimelipiwa na wanasiasa. Atazitambuaje zinazofaa?

Kwanza, mwandishi aeleze alivyojua analolisema. Kudai kwamba watu wa Kiambere walidhulumiwa ni rahisi. Kuonyesha ukubwa wa shamba kabla na baada ya kuhama ni hoja.

Pili, ahoji hata ushahidi unaompendeza. Wastani wa hekta 13, kwa mfano, haumwonyeshi aliyekuwa na hekta mbili pekee, wala aliyelima ardhi isiyo na hati.

Tatu, aweze kuukosoa upande wake mwenyewe, na akikosea akiri waziwazi.

Njia nzuri ya kuwagundua waandishi kama hao ni kuanza na mmoja anayeaminika, kisha kuwasoma wale anaobishana nao. Mwandishi makini huwataja wapinzani wake kwa haki, naye msomaji hupata pande zote mbili.

Aidha, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu kila raia kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Mkazi wa kijiji kinachotarajiwa kupisha bwawa au barabara anaweza kuitumia kabla ya kuhamishwa. Mwenzake wa Kiambere hakuwa na silaha hiyo.

Wahenga walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Maoni basi hayatakosekana kamwe. Kinachoadimika ni ushahidi.