Maji Yalikuja, Maji Yakakaa: Mafuriko ya Somerset na Ushahidi wa Wakazi

Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tulieleza jinsi mkondo wa upepo wa kasi unaovuma juu angani ulivyozisukuma dhoruba za Atlantiki kuelekea Uingereza, mfululizo bila kupumua, katika majira ya baridi ya 2013 na 2014. Tuliona kwamba miezi mitatu, Desemba hadi Februari, ilivunja rekodi ya mvua ya England na Wales, ambayo vipimo vyake vinaanzia 1766. Leo tunashuka kutoka mawinguni hadi ardhini, kwa watu walioingiliwa na maji. Swali letu ni moja: mwananchi aliyefurikiwa anaposema kwa hasira kwamba anakijua chanzo cha balaa lake, apewe sikio la kiasi gani? Katika mkoa wa Somerset, kusini-magharibi mwa England, swali hilo liliwagawanya wakulima, wataalamu na mawaziri. Kila upande ulidai kuwa na ukweli wote. Ninavyoona mimi, wakazi walikuwa sahihi katika jambo moja na wakakosea katika jingine, wataalamu vilevile, na kosa lililogharimu zaidi lilikuwa la wanasiasa walioyachukua mambo hayo mawili wakayafanya kuwa moja.

Kwanza ardhi yenyewe. Nyanda za Somerset ni bonde bapa ambalo sehemu zake nyingi ziko chini ya kiwango cha bahari wakati wa bamvua. Lilikuwa bwawa na matete, na tangu Zama za Kati watawa wa Glastonbury na Muchelney walianza kuchimba mifereji ili wapate malisho. Jina la Muchelney kwa Kiingereza cha kale lina maana ya kisiwa kikubwa, kwa hiyo wahenga wa huko hawakuwaficha wajukuu zao hatari waliyowarithisha. Maji ya bonde hutoka kwa mto Parrett na tawimto wake Tone, na Parrett humwaga katika ghuba ya Bristol, ambako tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika mita 14 hivi, miongoni mwa tofauti kubwa kabisa duniani. Msomaji wa Unguja au Mombasa, aliyezoea bamvua la mita tatu hadi nne, azidishe mara tatu na zaidi. Wakati huo Parrett haukuwa na lango la kuizuia bahari. Maji yalipojaa, bahari ilipanda mtoni pamoja na tope lake, na mto ukakosa pa kutokea hadi maji yapwe. Tope lililoletwa hivyo lilitulia kwenye kingo, hasa majira ya kiangazi mto unapokuwa dhaifu, na mwaka hadi mwaka njia ya maji ikawa nyembamba.

Mvua zilipokuja, Muchelney ikarudia maana ya jina lake. Tangu mwanzoni mwa Januari barabara zake zilizama, wakazi wakawa wanafikiwa kwa boti kwa muda wa wiki nyingi. Tarehe 24 Januari halmashauri za huko zilitangaza hali ya dharura, na mapema Februari watu wa kijiji cha Moorland walitakiwa kuhama. Wakala wa Mazingira ulikadiria kuwa maji yaliyotuama bondeni yalifika mita za ujazo milioni 65. Pampu kubwa ziliagizwa kutoka Uholanzi kuyasukuma kuelekea baharini. Kilichowachoma wakazi zaidi ya yote kilikuwa muda. Bonde lile limezoea maji ya baridi, na malisho mengi hufunikwa kwa siku chache kila mwaka bila mtu kulalamika. Safari hii majani yalioza chini ya maji, ng'ombe wakahamishwa, na nyumba zikakaa na maji wiki baada ya wiki.

Hapo ndipo mabango yakaanza kusimama kando ya barabara yakidai mito izolewe tope. Hoja ya wakazi ilikuwa fupi na wazi: zamani mito ilikuwa ikichimbwa, sasa haichimbwi, kwa hiyo tumefurika. Wakala wa Mazingira, ulioanza kazi 1996, ulishutumiwa kwamba unawajali ndege wa majini kuliko binadamu. Waziri wa Mazingira, Owen Paterson, alipofika mwishoni mwa Januari alizomewa. Mwenyekiti wa Wakala, Lord Smith, aliandika gazetini kwamba nchi haiwezi kulinda kila kitu, na kwamba huenda ikalazimika kuchagua kati ya mji na shamba. Kwa mtaalamu hiyo ni hesabu ya kawaida ya bajeti. Kwa mtu ambaye sebule yake imejaa maji machafu, maneno hayo yalisikika kama hukumu iliyokwisha kuandikwa. Smith alipofika bondeni tarehe 7 Februari alikutana na hasira aliyoitarajia, na akakataa kuomba radhi.

Wataalamu nao walikuwa na jibu zito. Taasisi ya kitaaluma ya wahandisi na wanamazingira wa maji ilichapisha Februari hiyo maelezo kwamba mfereji wa mto, hata ukichimbwa vipi, ni mdogo mno ukilinganisha na maji yanayotiririka kutoka eneo zima la vilima wakati wa mvua kubwa. Walitaja pia udongo wa mashamba ya juu, hasa ya mahindi ya kulishia mifugo, ambao hushindiliwa na mashine nzito hadi mvua inateleza juu yake badala ya kupenya. Juu ya hayo kuna hali ya hewa: kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo mwisho wake ni mvua. Wakala wenyewe ulisema kwamba hata kama mito ingezolewa tope, mafuriko yangetokea tu, ila huenda maji yangeondoka mapema zaidi.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ufunguo wa mabishano yote, na ajabu ni kwamba pande zote mbili ziliipita bila kusimama. Humo mna maswali mawili yaliyovaa kanzu moja. La kwanza ni kwa nini maji yalikuja. La pili ni kwa nini yalikaa. Kuhusu la kwanza wataalamu walikuwa sahihi: mvua ya rekodi iliyoanguka juu ya ardhi iliyoshiba, pamoja na bahari iliyofunga mlango, haizuiwi na tingatinga. Kuhusu la pili wakazi walikuwa sahihi, na wataalamu walilikiri jambo hilo kwa sauti ya chini. Mto uliojaa tope hutoa maji polepole, na pale ambapo nafasi ya kutoka ni saa chache tu kati ya kupwa na kujaa, kila mita ya upana inayopotea huongeza siku za kukaa ndani ya maji. Mkulima aliposema kwamba wangechimba mto yasingetokea haya, mtaalamu alisikia dai la kisayansi lisilo sahihi. Mkulima alikuwa anazungumzia mateso ya muda. Wote walitumia neno mafuriko, na kila mmoja alimaanisha kitu chake.

Kuna watakaonipinga kwamba ninawapa watu wasiosomea fani mamlaka wasiyostahili, kwamba mkulima anauona mto wake tu, haoni vilima vya juu wala takwimu za miaka 200. Pingamizi hilo lina uzito, na methali yetu inasaidia kulipima. Tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni kweli, na ndiyo maana afisa wa mjini hakutambua mapema jinsi Parrett ulivyobanwa na tope. Lakini aliyelala kitandani anawajua kunguni kwa kuumwa, hajui walitoka nyumba gani. Ushahidi wa mkazi una nguvu panapohusu mahali, muda na ukali wa madhara. Hupungua nguvu panapohusu asili ya maji yenyewe. Kuupa kila ushahidi kipimo chake hakumdharau mkulima wala mwanasayansi.

Wengine watauliza: kama tope lilirefusha mafuriko Somerset, kwa nini mito yote isichimbwe? Kwa sababu Somerset ni bonde bapa lisilo na mteremko, na tiba yake haiendi kila mahali. Mwaka uliofuata ule, Desemba 2015, dhoruba Desmond iliangusha milimita 341.4 za mvua kwa saa 24 kwenye njia ya milimani ya Honister, mkoani Cumbria, kaskazini-magharibi mwa England. Huko maji yalishuka kwa kasi kutoka milimani na kuzipita hata kingo zilizojengwa Carlisle baada ya mafuriko ya 2005. Shida ya huko ilikuwa wingi wa maji uliofika kwa mkupuo. Tena kuharakisha maji huweza kuhamishia balaa kwa jirani. Februari 2014, wakazi wa Wraysbury, kwenye mto Thames, walilalamika kwamba mfereji wa Jubilee, uliokamilika 2002 kuilinda miji ya juu kama Maidenhead na Windsor, uliwamwagia wao maji ya wengine. Wakala ulikanusha. Hata tukiuamini ukanusho huo, malalamiko yenyewe yanakumbusha kwamba mto una watu wa juu na watu wa chini, na dawa ya mmoja yaweza kuwa sumu ya mwenzake.

Pingamizi la tatu ni la fedha, na ndilo zito kuliko yote. Lord Smith alieleza kwamba kanuni za Hazina kuhusu thamani ya fedha zilimruhusu kutoa pauni 400,000 tu kwa kazi ya kuzoa tope, na wachangiaji wengine hawakupatikana. Kanuni hizo hupima faida kwa thamani ya mali inayookolewa, kwa hiyo mji wenye nyumba nyingi hulishinda bonde lenye malisho. Mlipakodi ana haki ya kuuliza kwa nini alipie ardhi ambayo watawa waliinyang'anya bahari. Nami nauliza kwa upande wa pili: kama taifa limeamua bonde lile lishike maji ili miji ipone, kwa nini halikuwaambia wakazi waziwazi na kuwafidia? Kuliacha tope lijae miaka kadhaa bila kutangaza uamuzi wowote ni uamuzi pia, ila ni uamuzi usio na mwenyewe.

Wanasiasa walipoingia, maswali yetu mawili yalizama kabisa. Tarehe 9 Februari waziri Eric Pickles aliomba radhi katika televisheni, akisema serikali ilikosea kutozoa tope na labda ilitegemea mno ushauri wa Wakala. Siku mbili baadaye, Thames nao ukiwa umeingia katika vijiji vilivyo karibu na London, Waziri Mkuu David Cameron alitangaza kwamba fedha haitakuwa kikwazo katika kuwasaidia waathirika. Mwishoni mwa Machi mashine zilianza kazi kwenye kilomita 8 za Parrett na Tone. Kazi ilistahili kufanywa, lakini ilitangazwa kwa namna iliyowafanya wengi waamini kwamba maji hayatakuja tena.

Kwamba njia nyingine ipo kunathibitishwa na mji mdogo wa Pickering, huko Yorkshire, uliofurika mara kadhaa na kuambiwa kwamba ukuta wa kuukinga ni ghali mno. Baada ya mafuriko ya 2007, wanajiografia wakiwemo Sarah Whatmore na Stuart Lane walikaa na wakazi wakatengeneza pamoja hesabu za mwenendo wa mto. Kumbukumbu za wakazi kuhusu wapi maji hupita ziliingia katika hesabu, nazo hesabu zikawaonyesha wakazi kiasi cha maji kinachoweza kuzuiwa juu ya mji. Yalifuata mabwawa madogo ya magogo zaidi ya 100 vijitoni, miti, na bwawa moja kubwa la kuhifadhi maji. Siku ya pili ya Krismasi ya 2015, miji mingi ya kaskazini ikizama, Pickering ulinusurika. Wachambuzi walikadiria kwamba kilele cha maji kilipunguzwa kwa asilimia 15 hadi 20. Kiasi hicho ni cha wastani, na mvua kubwa zaidi ingeweza kukishinda. Wakazi wanalijua hilo, kwa sababu walikuwepo hesabu zilipopigwa.

Somerset nayo ilijifunza baadhi ya hayo. Mwaka 2015 ilianzisha mamlaka yake ya mito, inayochangiwa fedha za wenyeji kwa kazi za ziada, kuanzia kuzoa tope hadi kutunza udongo wa vilimani. Bahari bado inapanda Parrett na kushusha tope lake pale pale, kwa hiyo mashine hazina budi kurudi, na kila zinaporudi wenyeji watapaswa kukumbushana kwamba zinafupisha siku za maji bila kuyafungia mlango. Wiki ijayo tutatazama swali ambalo mashine hazilijibu: ni nani anayelipa nyumba inapofurika mara ya pili, na jinsi Uingereza ilivyoanzisha mwaka 2016 mfuko wa bima ya mafuriko ambao tangu mwanzo ulipangiwa kufikia kikomo mwaka 2039.